Kilima Kimekwenda Wapi?

Fundi mapipa aliliteremsha pipa jipya garini kwa mikono yake mwenyewe, akakataa kusaidiwa, kama babu aliyekabidhiwa mjukuu kwa mara ya kwanza. Tangu bintiye apande mizabibu kule kilimani, alikuwa akimwekea kando mbao bora za mwaloni. Aliziacha zipigwe jua na mvua nyuma ya karakana hadi ukali wake ukaisha, akazikunja kwa moto, akazifunga kwa pete za chuma, kisha akalichoma pipa kwa ndani polepole, mpaka likapata rangi ya mkate uliookwa vizuri. Haja yake ilikuwa moja tu: mvinyo wa kwanza wa mwanawe ulale humo.

"Shikamoo, Baba," alisema binti, akitokea mlangoni mwa ghala. Alilipapasa pipa, akabaki akilitazama.

"Marahaba, mama. Mbona unalitazama kama mgeni aliyekuja na mizigo yake yote?"

"Kabla hatujalijaza, nataka uonje kitu."

Shemeji wa fundi, aliyekuwa amemsindikiza, alicheka. Mashamba yake yalikuwa bondeni kwenye joto, na zabibu zake ziliiva kiasi kwamba watu walimbandika jina la Bwana Sukari.

"Keti, shemeji," alisema. "Ukiona unakaribishwa kwa kuonjeshwa, jua posa imekataliwa."

Binti alimimina glasi mbili. Moja aliijaza kutoka kwenye tangi la chuma. Nyingine kutoka kwenye kipipa cha mwaloni ambacho fundi alimtengenezea utotoni achezee, nacho hakikuwahi kutiwa kitu hadi mavuno haya.

"Mvinyo ni uleule, wa zabibu za safu zilezile," alieleza. "Huu umekaa kwenye chuma. Huu umekaa kwenye mwaloni wako."

Fundi, kama kawaida yake, alianza na wa kwake. Vanila ilimpokea, ikafuatwa na karafuu na mkate wa moto. Ilikuwa kama kufungua karakana asubuhi.

"Huu nimeutambua hata kabla ya kuumeza," alisema kwa furaha.

Akaonja wa tangini. Ulimjia ukali wa ndimu na wa tofaa bichi, na nyuma yake harufu ya jiwe lililonyeshewa. Machozi yakamlenga.

"Mkali kama dada yako," alimwambia shemejiye.

"Na ndiye aliyemzaa huyu. Ulitarajia nini?"

"Kule juu usiku ni baridi, Baba," alisema binti. "Zabibu haziivi kwa haraka, wala ukali wake hauzimiki. Ndiyo sura ya shamba lenyewe."

Fundi akairudia glasi ya mwaloni. Safari hii alitafuta nyuma ya vanila: ndimu hakuiona, wala jiwe.

"Kilima kimekwenda wapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Binti aliinamisha kichwa. "Hilo ndilo lililonishinda kukuambia kwenye simu."

Mzee aliizungusha glasi bila kunywa. Miaka yote, mvinyo uliposifiwa, yeye alisikia pipa likisifiwa. Hakuwahi kujiuliza mwenye shamba alisikia nini. Moyo ulimwuma kidogo. Hata hivyo, udadisi wa kazi ulikuwa umekwisha kumwamsha, akamgeukia shemejiye.

"Na wa kwako?"

Bwana Sukari hakuwa mtu wa kutembea bila chupa. Mvinyo wake ulinukia nanasi bivu na asali, ukajaza kinywa chote, kisha ukajilaza humo kama paka aliyeshiba.

"Umenona," fundi aliamua, "lakini hauna mgongo."

"Kama mwenyewe," alidakia binti. "Samahani, Mjomba."

"Endelea tu, mpwa wangu. Tumbo hili nimelilipia."

"Bado unatumia yale mapipa niliyokutengenezea zamani?" aliuliza fundi.

"Yaleyale. Yamechoka. Hayatii ladha tena, yanapumua tu, kama wazee barazani."

Fundi aliiweka glasi chini taratibu. "Basi hili jipya ni lako. Joto la bondeni limekupa unono. Mwaloni utakupa mgongo, na mvinyo wako una nguvu ya kuubeba. Nawe tuletee pipa moja kati ya hayo yaliyochoka. Mvinyo wa huyu hauhitaji ladha yangu. Unahitaji mahali pa kupumulia, makali yapungue na sura ibaki."

"Mgema akisifiwa..." alianza Bwana Sukari.

"Usinisifu. Lete pipa."

Lilifika alasiri. Fundi alilisugua, akazikaza pete, akalijaza maji ya moto na kulizunguka akitafuta panapovuja; hapakuvuja. Baada ya kuyamwaga, alipiga magoti, akaingiza pua kwenye tundu la kizibo na kuvuta pumzi ndefu. Binti alisimama kando yake, ameshika mpira wa kujazia, akingoja hukumu.

"Halinuki kitu," alisema fundi akiinuka, uso umemchanua. Tangu aanze kazi hiyo, hakuwahi kulisifu pipa kwa maneno hayo. "Jaza, mama. Lakini kwanza niongezee ule mkali kwenye glasi."