Faili Lililosomeshwa kwa Niaba ya Hanna

Jumatatu, saa mbili kasorobo asubuhi, Mwalimu Fanuel aliita majina ya darasa la tatu katika shule moja ya msingi juu ya Tengeru. Alipomfikia Hanna Nathanaeli, faili la kijani lililokuwa kabatini likajibu, "Nipo, mwalimu." Akatia tiki. Hanna mwenyewe, mtoto wa miaka tisa asiyeona, alikuwa ameketi dawati la nyuma kabisa, karibu na mafagio.

Faili lilibeba mpango wake binafsi wa kujifunza. Mwalimu aliuandika Ijumaa, kwa mwandiko wa kupendeza, maana wathibiti ubora, wale wakaguzi wa shule, walikuwa wametangaza kuja: Hanna afundishwe nukta nundu, maandishi ya kusomwa kwa vidole, dakika arobaini kila siku, mwalimu akiwa kando yake. Mpango ukishaandikwa sharti utekelezwe. Faili likashuka kabatini, likakaa dawati la mbele, na mwalimu akalifundisha dakika arobaini bila kupunja hata moja. Wanafunzi themanini na saba walinakili ubaoni.

Mama yake Hanna, Lydia, mkulima wa kahawa, alifika Alhamisi na matope ya shambani miguuni. Faili lilikuwa limefika herufi M, na kurasa zake zilikuwa zimeota nukta.

"Mwalimu, mbona unafundisha faili na mtoto yupo?"

"Mama Hanna, kinachokaguliwa ni faili."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka tu. Lydia alikasirika, ila hakuwa mtu wa kulia mbele za watu. Kengele ya kutoka ilipolia alilitia faili kwapani, akamshika Hanna mkono, wakapanda mlima.

"Ulichofundishwa ni cha huyu," aliliambia wakiwa jikoni, akimenya ndizi za mtori. "Mpe."

Faili halikubisha. Lilijifungua juu ya kigoda, Hanna akapitisha vidole, nalo likamtajia herufi moja moja. Alipokosea, lilirudia. Mtori ulipoiva walikuwa kwenye D.

Ikawa hivyo kila siku. Asubuhi Lydia alilirudisha shule, jioni akalichukua. Mvua iliponyesha alilifunga kwa kanga yake, yeye akalowa. Mwezi wa tatu tangu waanze, Hanna alisoma jina lake mwenyewe. Mama yake alitoka nje akacheka peke yake migombani.

Wathibiti ubora waliahirisha mara mbili, wakaja Novemba. Walilisikiliza faili likisoma ukurasa mzima, wakalipigia makofi. Hanna alinyoosha mkono kule nyuma, akasema hata yeye anaweza. Waliitazama fomu yao ya ukaguzi, haikuwa na nafasi ya kuandika hilo. Wakaamua faili lipande darasa la nne Januari, na Hanna abaki la tatu, kwa kuwa hakuna kumbukumbu kwamba aliwahi kufundishwa.

Lydia alisomewa taarifa hiyo ofisini, amesimama. Aliuliza jambo moja tu.

"Darasa la nne wanatoka saa ngapi?"

"Saa tisa," alisema Mwalimu Fanuel.

"Nitakuwa mlangoni."