Mgonjwa Namba Kumi na Nne

Tangu jana mchana Klaudia hakuwa ametia kitu mdomoni, ili tumbo lisimwaibishe ndani ya basi la Bukoba. Mifuko sita ya kukingia choo aliyopewa na hospitali iliisha mwezi wa kwanza tu baada ya kupasuliwa. Sasa alitumia mfuko wa nailoni wa sukari, ameukaza kiunoni kwa mpira wa baiskeli. Saratani ilikuwa katika njia ya haja kubwa. Walimpasua tumbo kuanzia kitovuni hadi kinenani, wakaikata njia yote, wakaziba nyuma na kumfungulia nyingine kushoto mwa kitovu. Hii mpya haina mlango. Inatoa inapotaka, hata kanisani.

Hospitalini, daktari kijana kutoka Dar es Salaam alimkaribisha kiti, akafungua dirisha, kisha akafungua fomu.

“Mama, tunataka kujua mnaishije baada ya kupasuliwa. Huko Ulaya wameanza kutoboa matundu madogo tu na kuingiza kamera. Tutalinganisha nani anaishi vizuri zaidi.”

“Na mimi niliulizwa lini nataka kupasuliwa vipi?”

Daktari alitabasamu. Fomu haikuwa na nafasi ya swali hilo.

“Wiki iliyopita, harufu ilikupa wasiwasi? Moja ni hapana kabisa, nne ni sana.”

“Nne.”

“Watu wa nyumbani wanakaa nawe kama zamani?”

Klaudia alifikiri. Jumamosi ukoo wa marehemu mumewe ungekaa baraza kuhusu kibanja chake, shamba la nyumbani. Lameki alikufa vitani Uganda mwaka wa sabini na tisa, akamwachia mabinti wawili, migomba na mibuni. Miaka kumi na minne hakuna aliyeigusa. Lakini sasa amekonda, ananuka, anashinda kwenye kufua, na Kamachumu nzima, anakoishi, ilishampa jina la ugonjwa: Juliana, ndivyo walivyouita ukimwi. Kwa shemeji yake Philbert, mwenye Juliana hahitaji shamba, anahitaji kaburi.

“Jibu hilo nitalijua Jumamosi,” alisema. “Daktari, niandikie karatasi kwamba nilikatwa saratani.”

“Utafiti huu hauna majina, mama. Ugonjwa wako ni siri yako.”

“Siri siitaki.”

“Hiyo ni kanuni, siyo suala la kutaka.”

“Basi nipe faili langu.”

“Mafaili yote yamepelekwa Dar kwa kazi hii hii. Na aliyekupasua amesharudi kwao.”

Alimpa kadi ngumu, nyeupe, yenye mhuri, ya kurudi nayo mwezi wa nane. Klaudia hakusoma shule, lakini mhuri aliujua. Aliifunga kwenye pindo la kanga akaondoka ameridhika kidogo. Mhuri wa serikali haukosi kusema neno, alijiambia. Maskini, hata hilo aliliamini.

Jumamosi, nyumbani kwa mzee Rugaibula, mkuu wa ukoo, nyasi mpya zilikuwa zimetandikwa sakafuni na wanaume wakinywa lubisi, pombe ya ndizi. Klaudia alikaa karibu na mlango, akafungua pindo.

“Taata, baba yetu, hospitali imeandika.”

Rugaibula hakuipokea. Aliashiria kwa kidevu, na Philbert, mwalimu wa Kiingereza wa darasa la saba, akaishika kwa ncha za vidole viwili.

“Mgonjwa namba kumi na nne,” alisoma kwa sauti ya darasani. “Jina, hakuna.”

Kila mtu pale alikuwa na ndugu aliyepimwa damu Bukoba, na kila mtu alijua ni wagonjwa gani wanaonyang'anywa jina na kupewa namba.

“Pana maneno mengine hapo chini,” alisema Klaudia. “Yasome, shemeji.”

Palikuwa na maneno mawili ya Kiingereza, jina la wodi ya upasuaji. Klaudia aliona kidole cha Philbert kikifika pale, kikasimama, kikapita.

“Ni tarehe ya kurudi tu.”

Ndipo Klaudia akafanya jambo ambalo mwanamke hafanyi mbele ya wakwe. Alisimama, akapandisha blauzi, akausogeza mfuko, akawaonyesha kovu na ile nyama nyekundu kando ya kitovu. Wanaume waliinamisha macho.

“Kumbe siku hizi Juliana anatoboa hata matumbo,” alisema Rugaibula taratibu, kwa huruma ya kweli. “Mwanangu, nenda kwenu upumzike. Kibanja atakitunza Philbert. Mabinti wataolewa.”

Tumbo la Klaudia, ambalo halikuwa na kitu tangu asubuhi, lilitoa sauti ndefu. Hakuna aliyecheka.

Philbert alimrudishia kadi juu ya jani la mgomba. Klaudia alikuwa hajafika barabarani aliposikia jembe likiparuza sakafu. Mke wa Philbert alikuwa akikwangua nyasi pale mlangoni, kipande kile tu alichokalia Klaudia, akazitoa nje na kuziwasha. Zilikuwa mbichi bado, zikatoa moshi mwingi. Klaudia alisimama akitazama, kadi mkononi. Mwezi wa nane angetakiwa kurudi Bukoba, na sasa lile swali la watu wa nyumbani kukaa naye alikuwa na jibu lake: moja, hapana kabisa.