Alikuwa Anakimbia

Chubwi alilowanisha fundo kwa mate kabla ya kulikaza, maana uzi wa nailoni ukikazwa mkavu huungua, na samaki mkubwa huukatia hapohapo. Akaijaribu ncha ya ndoana kwenye ukucha. Ilikwaruza. Akatoa ngisi kwenye ndoo, akamchoma mara mbili na kumnyoosha aonekane anaogelea.

"Nani alikufundisha?" mgeni akauliza. Alikuwa mzee mnene mwenye kofia pana, mcheshi, amekuja hotelini kwa siku tatu za kuvua.

"Kaka yangu."

"Naye yuko hapa?"

"Hapana, mzee."

Chubwi akamwonyesha pa kutupia, nyuma ya mwamba wa tatu. "Ukihisi anadonoadonoa, huyo changu, mpe muda ale. Akivuta kwenda chini ni chewa, mvute upesi. Akiingia pangoni humpati tena. Akikimbia kwenda nje, huyo kolekole. Mwachie uzi, achoke mwenyewe."

Yote yalikuwa maneno ya kaka yake, hata pumzi za katikati. Siku hizi kila alipoyasema alimalizia na kikohozi kikavu cha mvuta sigara. Yeye mwenyewe hakuwahi kuvuta sigara.

Miezi minane nyuma walikuwa wakivua hapohapo, yeye na kaka yake, mishipi yao imezungushwa kwenye chupa za plastiki. Uzio wa hoteli ulikuwa na mwezi mmoja tu, na wao walipita chini yake kama walivyopita siku zote kabla haujakuwepo. Mlinzi akatokea na rungu. Wakakimbia. Kaka yake hakutaka kuiacha ndoo ya samaki. Akateleza kwenye mwani, akatumbukia kwenye mwanya ambamo mawimbi huingia na kunyonya. Kichwa kiliibuka mara mbili. Chubwi alipotaka kuruka, mlinzi alimkamata kiunoni kwa nyuma. "Mmoja tayari," alimwambia sikioni, "sitaki wawili kwenye zamu yangu." Boya la kuokolea lilikuwa hatua ishirini kutoka pale, limefungwa kwa kufuli kwenye nguzo, ufunguo ukiwa ofisini. Mlinzi aliita ofisi kwa redio. Ofisi iliuliza kwanza kama aliyezama ni mgeni.

Siku ya tatu ya msiba meneja alikuja mwenyewe, akaketi mkekani, akatoa pole. Kabla ya kuondoka alimwita Chubwi pembeni, akampa kazi. Nyumbani kulikuwa na shemeji yake na watoto watatu wa marehemu. Aliikubali kazi akiwa bado hajanyoa.

Asubuhi ya leo, Chubwi alipokuwa akivaa viatu vya kazi, shemeji yake alikuwa anapepea jiko.

"Shemeji, kesi ya kifo cha kaka yako inasikilizwa Alhamisi. Askari anasema shahidi ni wewe tu."

"Najua."

"Unajua, au utakuja?"

Alifunga kamba za viatu, akazifungua, akazifunga tena.

"Unashinda na samaki kutwa," akasema mama yule, macho yake motoni, "na sisi unatuletea harufu." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja kwamba chumvi imekwisha.

Sasa meneja alikuwa anakuja juu ya mawe, hatua moja moja, suruali ameikunja, faili la plastiki kwapani. Nyuma yake mlinzi. Ni yuleyule wa siku ile; kila asubuhi alimwamkia Chubwi akiangalia chini.

"Habari za kazi, Chubwi? Mgeni anafurahi?"

"Anafurahi, bosi."

"Vizuri. Nina kajikaratasi hapa. Utaratibu tu. Unathibitisha kwamba marehemu aliteleza."

Chubwi alijipangusa mikono kwenye suruali, akasoma. Ilikuwa fupi.

"Kwani hakuteleza?" meneja akauliza.

"Aliteleza."

"Basi."

"Alikuwa anakimbia, bosi."

"Karatasi haiulizi habari ya kukimbia."

"Tulikuwa tunakimbizwa."

Meneja akamwangalia kwa upole, kama anavyomwangalia mtu aliyemkosea jina. "Chubwi. Mimi nakuhesabu kama mtu wa hapa. Alhamisi ukienda kule, utaenda kama mtu wa wapi?"

Mlinzi aligeuza uso baharini.

Hapo mgeni akapiga kelele. Rili ya uzi ililia, uzi ukatoka mbio kwenda nje, fimbo ikapinda hadi karibu kuvunjika. Chubwi alimkimbilia. "Mwache akimbie, mzee! Usimbane! Inua fimbo, sasa shusha ukizungusha! Inua tena!" Walihangaika naye karibu nusu saa. Alipovutwa kwenye kidimbwi kando ya miamba alikuwa kolekole wa kilo kumi na zaidi, fedha tupu. Mgeni akapigwa picha naye, akambusu kichwani, akacheka hadi machozi.

Kwa sheria ya hoteli, samaki wote walirudishwa majini. Lakini huyu, alipoachiwa, alilala ubavu. Tumbo likageuka juu.

"Anakufa!" mgeni akalia. Alikuwa amehuzunika kweli. "Jamani, mtu amsaidie!"

"Ingia, Chubwi," meneja akasema. "Haraka!"

Akaingia na viatu vyake, maji yakamfika kifuani. Akamshika kolekole mkia kwa mkono mmoja, mwingine chini ya tumbo, akamwelekeza kichwa kwenye mkondo, akawa anamsukuma mbele polepole ili maji yapite kwenye mashavu. Mbele. Mbele tena. Wimbi likampiga shingoni, lakini hakumwachia. Juu yake watu watatu walikuwa wameinama ukingoni, hakuna anayepumua.

"Usimwache," mlinzi akasema kwa sauti ndogo. "Mshikilie hivyohivyo."

Mashavu yakafunguka. Yakafunga. Yakafunguka. Mkia ukakaza mkononi mwake, kisha kiganja kikabaki kitupu.

Mgeni akapiga makofi. Meneja akapiga makofi. Mlinzi akampa mkono, akamvuta juu ya mwamba.

Meneja alimletea taulo jeupe la wageni. "Jikaushe kwanza, usije ukailowanisha karatasi." Chubwi akakausha vidole kimoja kimoja. Utelezi wa samaki haukutoka. Akapewa kalamu, faili likawekwa juu ya kifuniko cha ndoo ya chambo. Akaandika jina lake kamili, ambalo hapo hakuna aliyelijua. Akaandika tarehe. Chini yake palikuwa na mstari mwingine: Uhusiano na marehemu. Kisha nukta nyingi, hadi ukingoni mwa karatasi. Chini kabisa, mahali pa sahihi.

Kalamu ikasimama kwenye nukta ya kwanza. Wino ukaanza kutanuka.

"Hapo paache wazi," meneja akasema.