Nyumba ya Bu Sarmi Juu ya Mlingoti

Bu Sarmi alikuwa akikaanga tempe ya soya nyumba yake ilipoanza kupanda. Ilipanda polepole, kamba ikilia kwenye gurudumu juu ya mlingoti, vilevile wanavyopandishwa tetere wa kufugwa kila asubuhi pale mjini Klaten ili wapigwe jua na sauti zao zikomae. Alizima jiko mafuta yasije yakammwagikia, akamwita binti yake.

"Wening, tushapandishwa. Na chumvi imeisha."

"Nitateremsha kikapu, Bu."

Kikapu kilishuka hadi kwa Bu Tini, muuza mboga. "Siku hizi mna cheo," akapaza sauti kutoka chini. "Hata salamu mnatuteremshia kwa kamba."

"Tia chumvi, acha maneno," Bu Sarmi akajibu.

Ndivyo walivyoishi tangu mahakama impe Wening dhamana kwa sharti hilo. Alikuwa ameingia mchana kweupe kwenye banda la Pak Wiryo, mfanyabiashara wa ndege, akafungua vizimba, akaenda nyumbani na tetere wenye vidonda. Polisi walimkuta akiwapaka dawa. Sasa kila jioni nyumba ilishuka ikafunikwa shuka jeusi, kama kizimba, na chini ya shuka hilo hakuna aliyeweza kutoa sauti wala kutoka. Walikula kimya. Tatizo lilikuwa macho ya Bu Sarmi. Yalikuwa yanakufa, na kliniki ilifunguliwa mchana tu, nyumba ikiwa juu.

Pak Wiryo alikuja akasimama chini ya mlingoti. "Tamka neno moja tu mbele ya hakimu: niliiba. Nitasamehe, na nyumba itakaa chini."

"Sikuiba. Niliwatoa."

"Basi mwache mama yako apofuke kwa ajili ya tetere."

Neno hilo lilimchoma, maana lilikuwa kweli. Wening alilia akiwa amempa mama yake mgongo, na mama akajifanya haoni, jambo ambalo sasa halikuwa gumu.

Siku ya kesi nyumba haikupanda. Wening alisimama kizimbani akiwa ameshaamua: atasema niliiba, ampeleke mama kliniki, yaishe. Akafungua kinywa. Ikatoka sauti ya tetere, ndefu, safi. Karani akaiandika. Hakimu, naye mfugaji wa tetere wa siku nyingi, alifumba macho akasikiliza, akasema mwanzo na mwisho ni mzuri ila katikati kumepwaya kidogo. Kisha akampa mwaka mmoja na nusu jela.

Nyumba bado hupanda asubuhi, na Bu Sarmi ndani yake peke yake. Pak Wiryo amenunua tetere wapya. Huwatundika nje ya ukuta wa jela ili wajifunze kuimba kwa Wening, na wanauzika vizuri sana.

"Jela unaiona kutoka huko, Bu?" Bu Tini aliuliza majuzi, akifunga chumvi.

"Sioni hata kikapu. Nilikuwa namsikia. Sasa wanaimba wengi kwa sauti yake, sijui yupi ni wangu."

Bu Tini aliivuta kamba kidogo, kumjulisha kwamba chumvi imeshatiwa.