Upande wa Chini wa Samaki

Ilikuwa mwaka 2013, mwishoni mwa kiangazi, siku chache baada ya kimbunga kung'oa mabati ya nusu ya mtaa. Mwalimu Lo Hsiu-luan, aliyefundisha sayansi katika shule ya msingi mjini Chiayi, Taiwan, mpaka alipostaafu, aliketi juu ya kigoda chekundu cha plastiki kilichomfikisha magoti kifuani, akajiuliza ametenda kosa gani hata ndoa ya bintiye wa pekee ije kuzungumzwa mahali kama hapa.

Mkahawa haukuwa na ukuta wa mbele. Makarai yalinguruma kando ya barabara, moto ukiruka kila mpishi alipoyatikisa, na moshi wa vitunguu saumu ukajipenyeza katika blauzi aliyoipiga pasi asubuhi ile. Vyakula vilikuja bila mpangilio: kombe waliokaangwa kwa mrehani wakautangulia wali, kuku akafuata akichemka bado chunguni, kisha karanga ambazo hakuna aliyeziagiza.

"Mrembo, vuta miguu, moto unapita," mhudumu alimwambia, sahani zimempanda mpaka kiwikoni.

Mwalimu, aliyekwisha kuvuka miaka sabini, alivuta miguu. Hakupendezwa.

Mchumba mwenyewe, Sheng-wen, dereva wa lori la mizigo, alikuwa akienda na kurudi kwenye friji kujichukulia bia, kama walivyofanya wateja wote. Baba yake, Mzee Chuang, naye aliendesha lori mpaka mguu ulipomkatalia. Mwanzoni mwa chakula mzee huyo alikuwa amesimama kwa taabu, akaishika glasi kwa mikono miwili, akamwinulia Mwalimu. "Natangulia mimi, Mwalimu," alisema, akainywa yote. Anayeinuliwa glasi hudaiwa kuinua yake. Hilo hata mtoto alilijua. Mwalimu alijibu kwamba yeye hunywa chai tu, na hata hiyo chai hakuiinua. Mzee Chuang alicheka kidogo, akaketi, akaanza kuchagua karanga.

Pei-jung, binti, aliinamisha uso. Nyumbani alikuwa amesema neno moja tu: "Sitaolewa bila ridhaa yako, Mama, lakini sitaiomba mara ya pili." Naye Mwalimu alikuwa ameandaa jibu, refu na lenye hoja. Hakumsomesha mtoto mpaka chuo kikuu ili akeshe akisikiliza mlio wa lori kutoka barabara za milimani.

Samaki aliletwa mzima, amemwagiwa tangawizi na pilipili. Walimla upande wa juu mpaka mifupa ikaonekana. Mazungumzo yalizunguka tairi, dizeli, na tairi tena. Mwalimu, aliyekwisha kuchoka na kila kitu, alipitisha vijiti vyake chini ya samaki ili amgeuze.

Mzee Chuang aliweka vijiti chini. Hata madereva wa meza ya pili waliacha kutafuna. Mkono wa Sheng-wen ulinyanyuka, ukaishia hewani, kwa kuwa mkubwa hanyang'anywi kitu. Vijiti vilivyoshuka juu ya vile vya Mwalimu vilikuwa vya Pei-jung.

"Mama, usimgeuze. Tafadhali."

"Samaki amekwisha kufa, Pei-jung. Hawezi kupindua gari la mtu barabarani, waseme madereva watakavyo."

"Najua. Wewe ndiye uliyenifundisha. Hata hivyo, usimgeuze."

Akaukamata uti wa samaki mkiani, akaunyanyua mzima bila kuuvunja, akauweka kando. Nyama ya chini ikabaki imelala, nyeupe, haikuguswa. Ilikuwa kazi ya mikono iliyokwisha kuizoea kazi hiyo. Alimtilia mama yake kipande cha kwanza, lakini macho yake yalikuwa barabarani, ambako mvua ilianza tena.

Mwalimu aliyatambua macho hayo. Marehemu mumewe alikuwa fundi wa umeme, na kila baada ya kimbunga alipanda nguzo zilizoinama. Asubuhi hizo Mwalimu hakufagia nyumba mpaka mume arejee, asije akamfagilia mbali. Aliuficha ufagio nyuma ya kabati, na Pei-jung mdogo alipouliza uko wapi, alimwambia umevunjika. Kisha alikwenda darasani kuwaeleza watoto wa watu kwamba vumbi ni vumbi tu.

Alikula kile kipande. Kilikuwa kitamu, jambo lililomuudhi zaidi.

"Sheng-wen," alisema, "vijiti havishikwi kama bisibisi. Na uniletee glasi. Safi."

Mwalimu alisimama, kigoda kikamng'ang'ania sketi. Mzee Chuang alipotaka kuinuka, alimwamuru aketi. Akaishika glasi aliyojaziwa bia kwa mikono miwili, akaishusha hadi ukingo wake ukawa chini ya ule wa mzee, kama afanyavyo anayemheshimu mwenzake. Mzee, kwa adabu, akaishusha yake chini zaidi. Mwalimu akashuka tena. Mzee naye akashuka, mpaka glasi zote mbili zikakaribia kugusa maganda ya kombe.

"Usishindane nami, mkwe," Mwalimu alisema.

Mkono wa Mzee Chuang ulitulia. Mwalimu akainywa bia yote, chungu kama alivyotarajia, akaigeuza glasi waone kwamba haikubaki kitu.