Mshipa wa Sita

Kwa miaka ishirini na saba alifundisha mgongo wa binadamu katika chuo cha wauguzi, na wanafunzi walimpa jina la Mwalimu Pingili. Alilijua jina hilo na hakulichukia. Darasa lake lilikuwa mwisho wa korido, lina meza ndefu za saruji, sinki linalovuja, na mifupa mizima ya mtu iliyotundikwa kwenye chuma, ambayo wanafunzi waliiita Mheshimiwa kwa sababu haikuwahi kujibu swali lolote. Kando ya Mheshimiwa kilisimama kiwiliwili cha plastiki ambacho misuli yake ya mgongo ilibanduka mmoja mmoja. Kwanza ule mpana unaotanda kutoka shingoni hadi mabegani. Kisha ule wa chini yake unaovuta mikono. Mwisho kabisa zile nguzo mbili ndefu zilizoshika uti kushoto na kulia, ambazo bila hizo mtu angekunjika kama shuka.

Jumatatu hiyo alikuwa amefika kwenye mishipa ya fahamu.

"Jozi thelathini na moja," aliwaambia. "Kila mshipa una mlango wake kati ya pingili na pingili. Ukishatoka unagawanyika. Tawi fupi linarudi nyuma, kwenye misuli na ngozi ya mgongo. Tawi refu linafuata ubavu, linazunguka mpaka mbele. Ndiyo maana kila mshipa una mkanda wake wa ngozi."

Alipokuwa akionyesha kwa kidole, kitu kilimchoma chini ya bega la kushoto, kando kabisa ya uti. Hakikuwa kichomi cha kawaida. Kilikuwa kama mtu amemgusa kwa kidole cha moto, akakiburuta taratibu kuelekea ubavuni. Aliuma meno, akaendelea kusema.

Baada ya muda mwanafunzi mmoja wa mbele, msichana mrefu asiye na haya, aliinua mkono. "Mwalimu, samahani. Leo umesimama kama mtu aliyebeba mtoto."

Darasa likacheka. Mwalimu Pingili akajitazama kwenye kioo cha dirisha. Kweli alikuwa ameinama mbele kidogo, bega moja juu, na mikono yake yote miwili ilikuwa nyuma, viganja vimeshikana chini ya kiuno, kama vinavyoshikana kumshikilia mtoto aliye mgongoni asiteremke. Hakukumbuka kuipeleka huko. Aliishusha, akaomba chaki, akaandika ubaoni kitu ambacho baadaye hakuna aliyeweza kukisoma.

Siku ya Jumatano malengelenge yalitoka. Aliyaona bafuni kwa kutumia vioo viwili: mstari mwekundu uliotoka kwenye uti, ukapita chini ya bega, ukafuata ubavu, ukaishia chini ya ziwa, usivuke katikati ya kifua hata kwa upana wa ukucha. Alihesabu pingili kwa kidole gumba. Mshipa wa sita wa kifua, kushoto. Angemfelisha mwanafunzi ambaye asingeujua.

Tabibu wa zahanati ya chuo alikuwa amepita mikononi mwake miaka kumi iliyopita. Alimtazama mgongo, akashusha blauzi kwa adabu.

"Mwalimu, mimi nikufundishe nini? Ni mkanda wa jeshi."

"Najua."

"Uliugua tetekuwanga utotoni?"

"Nikiwa na miaka tisa."

"Basi ndiyo hiyo hiyo. Haikuondoka. Ilipanda na mshipa mpaka kwenye lile fundo dogo la fahamu, pale mlangoni mwa pingili, ikalala. Sasa imeamka, inarudi kwa njia ile ile iliyopandia."

Maneno hayo aliyasema yeye mwenyewe kila mwaka, mbele ya kila darasa. Lakini alikuwa hajawahi kuyasikia yakitoka kwenye kinywa cha mtu mwingine, katika chumba kidogo, yakimhusu yeye. Hiyo hiyo. Si nyingine inayofanana nayo. Ile ya mwaka ule, akiwa na miaka tisa, alikuwa ametembea nayo miaka hamsini.

Tabibu alimwandikia vidonge vya kumeza mara tano kwa siku na dawa ya kupaka. Kisha akauliza, kalamu mkononi, "Nyumbani kuna mtoto mchanga? Maana maji ya haya malengelenge yanaweza kumpa tetekuwanga, na kwa kichanga hiyo si ya kuchezea."

"Hakuna," alisema Mwalimu Pingili.

Neno lilitoka lenyewe. Binti yake alikuwa anafika Jumamosi na mtoto wa wiki tatu, mjukuu wa kwanza, kukaa miezi miwili. Kitanda kilikuwa tayari kimetandikwa. Njiani akajiambia kwamba hakudanganya, kwa kuwa leo mtoto hayupo. Akajiambia pia kwamba atafunga bandeji, atavaa blauzi nzito, atanawa mikono, na hakuna atakayejua. Na hapo ndipo aliposimama katikati ya njia watu wakimpita, kwa sababu aliijua hesabu hiyo. Aliwahi kuipiga.

Mwaka ule wa tetekuwanga alikuwa na mdogo wake wa kike, wa miezi minane, ambaye nyumba nzima ilimwita Kupe. Ukishamweka mgongoni, kumbandua ni kazi. Baba alikuwa ameshawaacha, na mama alifua nguo katika hoteli moja, akitoka mchana kurudi jioni. Kila siku baada ya shule, mtoto alikuwa wa dada. Mama alimfunga kwa kitambaa kabla ya kuondoka kwa zamu ya mchana, akakaza fundo, akakimbia. Kupe hakukubali kufungwa mikono. Ule wa kushoto lazima utoke nje ya kitambaa, upite chini ya kwapa la dada, umshike ubavuni. Vidole vyake vilikuwa na joto daima.

Tetekuwanga ilikuwa imeingia shuleni. Mtoto wa jirani aliyeipata alifungiwa chumba cha uani wiki mbili, chakula anasukumiwa mlangoni. Asubuhi moja yeye, msichana wa miaka tisa, aligusa vipele vitatu nyuma ya shingo, vyenye maji, akavijua ni nini. Akakunjua kola ya sare, akaivuta juu. Hakumwambia mtu. Alimbeba Kupe siku hiyo, na kesho yake, mpaka vipele vilipofika usoni na siri ikaisha. Wiki mbili baadaye Kupe naye akatoka vipele. Yeye vilishuka hadi kifuani kwa ndani, akawa anapumua kama mtu anayepanda ngazi. Alikufa Alhamisi, kabla ya chakula cha mchana.

Mama hakumlaumu mtu. Ilikuwa imeenea mtaa mzima.

Mwalimu Pingili alifika nyumbani, akamkuta mama yake kwenye kiti cha dirishani. Alikuwa na miaka themanini na miwili sasa, macho yamefifia lakini mikono bado ina nguvu za kufulia. Alikuwa akikunja vinguo vya kichanga kwa kupapasa mishono.

"Umerudi mapema."

"Naumwa, mama. Nina mkanda wa jeshi. Kuna dawa ya kupaka, na mgongoni sifiki."

"Njoo. Vua."

Alivua, akakaa kwenye kigoda mbele yake. Kidole cha mama yake kilianza kwenye uti, kikafuata malengelenge taratibu kuelekea ubavuni. Kilipofika chini ya kwapa kikasimama. Alihisi kitu kingine mgongoni, si kidole cha mama yake: uzito mdogo, wa joto, ulioegemea kati ya mabega, na nguzo mbili za mgongo wake zikakaza kuupokea. Hakugeuka.

"Hapa ndipo alipokuwa anakushika," mama yake alisema.

Tangu siku ya maziko hawakuwahi kumtaja.

"Mama, nilivijua vile vipele." Sauti yake ilikuwa ya chini, karibu ya darasani. "Siku mbili kabla hujaviona. Niliogopa chumba cha uani. Nikainua kola, nikambeba."

Alingoja. Nyuma yake mama alifunga kifuniko cha dawa, akakifungua tena, akakifunga.

"Niliviona," alisema mama yake.

"Ulivionaje?"

"Nilipokuwa nakufunga mtoto. Kola ilishuka. Vilikuwa vitatu. Nilikuwa nimechelewa, na msimamizi alishaniambia nikichelewa tena nisirudi. Nikajiambia ni joto. Nikajiambia nitaangalia vizuri jioni." Aliweka dawa chini. "Nikakaza fundo."

Mwalimu Pingili aligeuka akamtazama. Alitarajia, kama angewahi kusikia jambo kama hilo, kwamba angetua mzigo. Badala yake hasira ilimpanda. Miaka hamsini alimsomea mwanamke huyu uso kila asubuhi, akitafuta kama anajua.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani wewe hujui. Ulikuwa na miaka tisa. Ningekuamsha ili nikwambie nini?"

"Ungeniambia tulikuwa wawili."

Machozi yalimtoka mama yake bila sauti, na alikuwa haoni vizuri pa kuyafutia, akachukua kimoja cha vile vinguo vilivyokunjwa, akakumbuka ni cha nani, akakirudisha.

Kama mtu angemuuliza, Mwalimu Pingili angemweleza kwamba tetekuwanga huambukiza siku moja au mbili kabla hata kipele cha kwanza hakijatoka. Kwamba huenda kola na fundo havikubadilisha chochote. Alikuwa ameyasoma hayo katika vitabu vitatu, vyote vikakubaliana, na havikumsaidia hata usiku mmoja. Siku hiyo alimwambia mama yake. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasema, "Huenda." Ni wazi hata yeye hakutulia.

Kisha Mwalimu Pingili akavaa blauzi, akachukua simu, akampigia binti yake.

"Usije Jumamosi."

"Mama? Nimeshafunga mizigo. Kuna nini?"

"Nina ugonjwa unaoweza kumdhuru mtoto. Kaeni huko huko mpaka vidonda vikauke na magamba yadondoke yote. Na nikikupigia kabla ya hapo nikasema nimepona, usiniamini, muulize bibi yako."

"Mbona unaongea hivyo?"

"Ukija nitakueleza. Ulikuwa na mama mdogo. Hujawahi kusikia habari zake."

Vidonda vilikauka baada ya wiki tatu. Binti alikuja wiki ya tano, akaelezwa, akalia kidogo, akauliza kama kuna picha. Hakukuwa na picha. Mtoto alikuwa mnene na mwenye hasira, na Mwalimu Pingili alimpakata mapajani kwa muda mrefu. Mgongoni hakuweza kumweka. Ngozi ilipona lakini mshipa haukupona. Hata blauzi ikipita juu yake iliunguza. Tabibu alisema huenda yakawa maumivu ya miezi, huenda yakabaki. Alirudi darasani, akafundisha jozi zote thelathini na moja, na alipofika kwenye wa sita wa kifua alikaa.

Sasa kila asubuhi, kabla chai haijachemka, mama yake humuuliza kutoka kwenye kiti cha dirishani, "Ameamkaje?"

Mara ya kwanza Mwalimu Pingili alidhani anaulizia mjukuu. Kisha alielewa ni yule wa mgongoni. Hakumsahihisha.

"Bado amelala," humjibu, siku ambazo ni kweli.

Siku nyingine husema, "Ameamka," na mama yake husogeza kigoda kwa mguu, humwambia akae, huweka kiganja chake kikavu pale ubavuni, bila kubonyeza, na wote wawili hungoja atulie.