Ushahidi wa Kulala Nyumbani

Sajini Pruitt hakuwa na picha za harusi, hakuwa na mkataba wa nyumba wenye jina lake, wala siku zaidi ya tisa kabla ya kuhamishwa kutoka Korea kurudi Marekani. Ubalozi wa Marekani ulitaka ushahidi kwamba anaishi na mkewe, Mi-ran. Bila huo, Mi-ran hapati viza ya kwenda naye.

"Afande, ni jeshi lililonilazimisha kulala kambini. Waandikie hivyo tu."

"Ulioa bila ruhusa yangu, bwana harusi," Kapteni Hollis, mkuu wake, alicheka. "Leo ndiyo unanikumbuka?"

"Ana mimba, afande."

"Haya, nitaandika ukweli."

Akaandika: sajini huyu hulala kambini kila usiku. Amri ya jeshi iliyomlazimisha hakuitaja. Akaifunga bahasha kwa gundi mbele ya Pruitt, akaituma ubalozini.